Salamu za Kijitoni

Kila Jumamosi wakazi wa nyuma ya soko la Kasulu walizoa taka kijitoni, na kila Jumatatu taka zilikuwa zimerudi. Kampeni ya afya ilipoanza redioni, mwaka wa sabini na tatu, mtaa mzima ulijitokeza. Mwaka ulipogeuka walibaki Esteri na Siti, mke wa mwenye duka la kanga. Walichoka, lakini maji ya kunywa yalitoka humo humo.

Asubuhi moja ya ukungu Esteri alitangulia peke yake. Alipoinua reki alisikia makofi mepesi ng'ambo, kama ya Waha wanaposalimiana. Hakuona mtu. Tope, ajabu, lilinukia udi.

"Mwakeye," ilisema sauti ya kike.

Angefanyaje? Muha haachi salamu ianguke chini. Esteri aliinama, akapiga makofi, akaitika. Na salamu za Waha mnazijua, ni ndefu hata chungu huungua jikoni. Sauti iliuliza habari za mume. "Bazilio hajambo." Na mama mkwe? "Theodosia hajambo." Na mtoto?

"Mama Maximilla!" Siti aliita kutoka njiani. "Unaongea na nani?"

Makofi yakakatika.

Jioni ile Bazilio alianza kutapika maji meusi yenye harufu ya udi, kisha Theodosia naye, na Esteri akawa anakesha kati ya vitanda viwili akifua, akipangusa, akiomba, mpaka bibi yule akakata roho ameshika mkono wake. Esteri alilia kwa uchovu zaidi kuliko kwa huzuni, na hilo lilimtia aibu.

Siti alimleta mjomba wake, Mzee Gharibu, mganga wa majini.

"Uliwataja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliniuliza hali zao, mzee. Ningenyamaza?"

"Na mtoto?"

"Sikumtaja."

Mzee alimnywesha Bazilio kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akafukiza kijito kizima. "Uchafu ndio uliomvuta jini huyo. Zoeni taka, ila kule salamu isitolewe wala isipokelewe."

Hofu ikafanya lililoishinda redio: mtaa wote ulirudi, ukazoa kimya kimya. Maji yakang'aa. Bazilio akasimama.

Jumamosi moja Esteri alirudi nyumbani na tope hadi magotini, akitamani mkeka tu. Ndani alisikia makofi mepesi. Maximilla alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi wa maji ya kijitoni, kwa adabu aliyofundishwa.

"Ndiyo, ni mimi Maximilla," alikuwa akiuambia mtungi. "Baba hajambo. Mama hajambo. Na mimi sijambo."