Taka Zilizoziba Kalavati

Kila Jumamosi Aurelia alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akajaza taka kwenye kiroba. Dampo lilikuwa mbali, tena mlimani. Kwa hiyo alifanya kama majirani wengi wa Lizaboni, mjini Songea: alingoja mvua ianze, akatupa taka mtaroni ziende mtoni. Ulikuwa uvivu mtupu, lakini mtaa mzima uliuzoea.

Jumamosi moja wingu jeusi lilitanda. Aurelia alipokuwa akitoka na kiroba chake, baba yake, Mzee Leonce, alimsimamisha.

“Peleka dampo, mwanangu. Mvua hizi si za zamani. Zamani ilinyesha polepole kutwa nzima. Siku hizi inapotea wiki nzima, halafu inamwagika yote mara moja.”

“Sawa, baba.”

Alipopinda kona, alikitupa mtaroni akarudi mbio.

Mvua ilikuja kwa kishindo. Maji yalishuka mtaroni kwa nguvu hadi kwenye kalavati linalopitisha maji chini ya barabara, yakakuta limezibwa na taka. Yakarudi nyuma, yakaingia nyumbani kwa jirani yao, Mama Mwamvua. Nyumba ile ilikuwa ya matofali mabichi. Ukuta uliangukia chumba alimolala Ibra, mwanawe mdogo, ambaye Aurelia alizoea kumbeba mgongoni. Wanaume walifukua kwa majembe na mikono. Walipomfikia, Ibra alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya mazishi, majirani walizibua kalavati. Walitoa viroba, chupa na nguo kuukuu, na kila mmoja alisema taka zile ni za wengine. Aurelia aliumia moyo. Alikwenda msibani, akapiga magoti mbele ya Mama Mwamvua.

“Shikamoo, mama. Kiroba changu kilikuwemo kwenye lile kalavati. Baba alinikataza, nikamdanganya.”

Wanawake waliguna. Machozi yalimtiririka Mama Mwamvua.

“Na mimi huwa natupa taka mtaroni humo humo,” alisema. “Nilisema maji yatazipeleka mbali, sikujiuliza mbali ni kwa nani. Hakuna taka za wengine, jamani. Tumemuua Ibra sote, na aliyesema ukweli ni mtoto huyu peke yake.”

Jioni ile watu wa Lizaboni walipanda mlima kwenda dampo, kila mmoja na kiroba chake.