Dhahabu Nyekundu ya Justa

Masalu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Kila Jumamosi alirudi nyumbani Sengerema kwa baiskeli, akiwa na donge la dhahabu na zebaki mfukoni. Alilichoma jikoni, juu ya jiko la mkaa la mkewe, Justa. Zebaki iligeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Wenzake wengi walifanya hivyohivyo, kwa kuogopa wezi wa machimboni.

Justa alikuwa amepoteza mimba mbili. Mwaka huo wa 1997 alianza tena kusikia kichefuchefu. Alimwambia jirani yake tu, Odeta, mpimaji wa maabara katika zahanati mpya ya mtu binafsi. Odeta alimpima mkojo kwa kijiti cha karatasi, kisha akamwita Masalu.

"Hongera, shemeji! Ona, mistari miwili. Justa ni mjamzito."

Masalu alikitazama kile kijiti cha karatasi. "Hiki ndicho kimekwambia?"

"Ndiyo. Na huo wekundu unaouona ni dhahabu."

Masalu alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, mimi dhahabu naijua. Nyekundu uliiona wapi? Wamekuuzia rangi ya kucha!"

Justa hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Usipoamini, utaendelea kuchoma zebaki jikoni," alisema Odeta. "Mvuke wake unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Haya, chukua kijiti kipya. Pima mwenyewe."

Masalu alikuwa mbishi kweli. Alikichana kile kijiti, akakitia kwenye kibakuli chenye maji kidogo, akakizungusha kama anavyozungusha karai la kuoshea dhahabu machimboni. Alitafuta punje ya njano. Hakuiona. Maji tu yaligeuka mekundu kwa mbali.

"Hiyo ndiyo dhahabu yako," alisema Odeta. "Imefanywa chembe ndogo mno. Ukipanga chembe elfu moja kwa mstari, hazifiki unene wa unywele mmoja. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo, mwanga hauionyeshi njano tena. Inaonekana nyekundu."

"Na mimba inaijuaje?"

"Chembe hizo zimepakwa kitu kinachonasa dalili ya mimba kwenye mkojo. Zikiinasa, zinakwama pale kwenye mstari wa pili; ule wa kwanza hutokea kwa kila mtu. Chembe moja huwezi kuiona. Zikirundikana nyingi, mstari unatokea."

Masalu alikiinua kile kibakuli, akachungulia tena. "Kumbe vitu vidogo hivyo vina kazi?"

"Sana. Hata weusi wa tairi ya baiskeli yako ni masizi, chembe ndogo sana zinazofanya mpira usilike upesi. Watafiti nao wanajaribu chembe zibebe dawa mpaka penye ugonjwa. Ila si kila kidogo ni kizuri. Moshi wa koroboi una chembe hizohizo, na zinaingia mpaka ndani ya mapafu."

Masalu alimgeukia mkewe. "Justa, nisamehe. Nakupenda, na huyu mtoto nampenda tayari. Zebaki haiingii tena nyumba hii."

Alitimiza. Yeye na wenzake walinunua chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachorudisha mvuke kuwa zebaki. Walichomea hukohuko machimboni, mbali na watu, wakilinda kwa zamu. Justa alihudhuria kliniki kila mwezi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Muuguzi alimweka kwenye mizani.

"Kilo tatu na robo."

"Mpime tena," alisema Masalu.

"Huamini mizani yetu?"

"Naamini, dada. Nataka tu kusikia tena."