Kengele za Farasi wa Malkia

Saa tano asubuhi. Chumba cha nyuma, saluni ya mtaa wa Fittja.

Évariste alitandaza picha mezani. Gari la theluji la malkia, halina magurudumu, la kuvutwa na farasi. Karne ya kumi na tisa wakubwa wa ikulu walistarehe nalo juu ya ziwa lililoganda. Lilikwenda kimya mno, kwa hiyo farasi walivishwa mikanda ya kengele ili watu wapishe njia. Mikanda miwili, kengele za fedha halisi, sasa imehifadhiwa kwenye banda la makumbusho. Mnunuzi alikuwa akisubiri mji wa Södertälje.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wavae sare za wafanya usafi. Wafanyakazi wa makumbusho wakienda fika, kahawa yao ya mchana ambayo hawaikosi hata dunia iwake, Januari avunje kufuli la banda. Évariste azijaze kengele pamba. Januari na Olive, mke wa Évariste, wavae mikanda chini ya makoti, wapite getini hadi kwenye gari lake nje.

Januari, Mtanzania wa mtaa wa Rågsved, alimnong'oneza Olive kitu. Olive akacheka. Miaka sita ya ndoa, na Évariste hajawahi kupewa kicheko kile.

Saa nane mchana. Bandani.

Mkanda wa mkewe aliushindilia pamba vizuri. Wa Januari aliugusagusa tu. Akitembea kidogo, pamba itadondoka. Akaozee jela, mshenzi yule.

Lakini kufuli lilikuwa limemkata Januari kiganja. Olive alimfunga kitambaa, polepole, kisha akanyoosha mkono.

"Leta huo mukanda. Nitavaa yote mbili. Weye uko na damu."

Évariste alifungua mdomo. Neno moja lingetosha. Akaviona vidole vya Olive, bado viko juu ya mkono wa yule bwana. Akaufunga mdomo.

"Twende," alisema, akatangulia garini.

Januari alipita geti salama. Olive alikuwa mbele ya mlinzi, Josefin, kengele ya kwanza ilipolia. Kisha zikalia nyingi. Josefin akamdaka mkono na kuita wenzake kwa redio.

"Panda," Évariste alifoka.

Januari alishika mlango wa gari, hakupanda.

"Kaka, siwezi kumwacha shemeji pale."

Akarudi mbio getini, akasimama kando ya Olive, mikono juu.

Shemeji. Évariste alibaki ameshika usukani, aibu ikimwunguza uso. Olive alikuwa akilitazama gari, akimngoja mumewe ashuke.

Évariste akatia gia, akaondoka.