Mwiba Usiokuwepo

Kila asubuhi kabla ya shule, Kanyiva alimswaga punda hadi kisimani, nje kidogo ya Tseikuru, akarudi na mitungi minne ya maji. Mama yake, Syokau, alikuwa na sharti moja tu: punda hubeba maji, habebi watu. Jumatatu moja, mitungi ikiwa bado mitupu, Kanyiva alimpanda. Loo, punda alishtuka, akaruka, na binti wa watu akatua chini kwa makalio, pu!

Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kuchota maji kama kawaida, wala hakumwambia mama yake. Kufikia Jumatano alikuwa akiburuta mguu wa kulia.

"Una nini?" mama aliuliza.

"Nimedungwa na mwiba kwenye kidole gumba, Mama."

Tseikuru mwiba si habari. Syokau alichukua sindano akaanza kuchokonoa kidole gumba cha mguu. Akachokonoa weee, damu ikatoka, lakini mtoto hakukunja hata uso. Mama akaiweka sindano chini.

"Husikii?"

"Sisikii."

Syokau aliogopa sana. Saa hiyo hiyo alimpeleka zahanati.

Daktari Musyimi aliuchunguza mguu. "Inua kidole gumba," alisema. Kidole kilikataa. "Mwiba siuoni. Binti, ulianguka?"

Kanyiva alimtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa.

"Mficha maradhi kilio humfichua," daktari alisema kwa upole. "Ukinificha nitatibu kidole, na mguu wako utazidi kudhoofika."

Machozi yalimtoka. "Nilimpanda punda, nikaanguka."

Musyimi akamgusa kiunoni. "Basi tatizo liko hapa. Ndani ya mifupa ya mgongo umepita ugwe mnene kutoka kwenye ubongo. Kati ya pingili na pingili hutoka neva mbili, moja kulia, moja kushoto. Zote ni jozi thelathini na moja. Za shingoni huenda mikononi, za kiunoni huenda miguuni. Hupeleka amri za ubongo kwenye misuli, na kurudisha habari za joto, baridi na maumivu. Yako moja imebanwa, ndiyo maana kidole hakisikii wala hakitii."

"Atapona, Daktari?" Syokau aliuliza.

"Nina matumaini, maana tumejua mapema. Asibebe mzigo, afanye mazoezi nitakayomwonyesha, na aje kila wiki. Akishindwa kukojoa, au mguu ukizidi kulegea, mlete siku hiyo hiyo."

Kwa wiki sita mama alichota maji mwenyewe, bila kulalamika, na hilo lilimuuma Kanyiva kuliko kiboko.

Jumapili moja walipotoka kanisani, Kanyiva alivua viatu akakanyaga mchanga wa saa saba.

"Mama, mchanga unachoma!"

"Si uvae viatu basi..." Syokau akasita. "Unachoma wapi?"

"Kidole gumba. Kile kile."

Syokau alikaa chini palepale na gauni lake la Jumapili, akakishika kidole, akamshukuru Mungu.

"Mwanangu," alisema, "neva hupeleka habari hata ikiwa mbaya, ndipo mwili ukajikinga. Nawe ukikosea, niletee habari mapema. Nitakasirika, ndiyo, lakini nitajua pa kutibu."