Seva ya Tatu Inapumua

Asubuhi hiyo Mapigo alifika kazini mapema, akafuta vumbi mezani, akawasha birika na kuanza kuimba wimbo ambao maneno yake hakuyajua vizuri. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, na angeulizwa angesema anaipenda kazi yake. Ni jirani yetu, tunapakana ukuta kwa ukuta. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu hana mazungumzo mengine: kila kitu kwake ni mapigo ya seva. Wanasema hata mkewe akikohoa, Mapigo huuliza kwanza kama mtandao upo.

Kazi yake ilikuwa kuzitunza seva za kituo cha magari ya wagonjwa. Mtu akizidiwa nyumbani, ndugu yake hubonyeza kitufe kwenye simu, ombi linafika kituoni, gari linatoka. Seva zilikuwa tatu, zikigawana maombi ili yasirundikane mahali pamoja. Mbele yao ilikaa programu waliyoiita Bawabu. Bawabu alimpokea kila anayeingia na kumwelekeza: wewe nenda ya kwanza, wewe ya pili, wewe ya tatu. Kila baada ya muda mfupi aliziuliza seva kama ziko hai, nazo zikajibu. Jibu hilo ndilo pigo. Isiyojibu aliiondoa mstarini, wenzake wakabeba kazi yake, na aliyeko nyumbani na mgonjwa wake hakujua kamwe kwamba kuna kilichoanguka. Tena Bawabu alikuwa na kumbukumbu. Ukishapokelewa na seva fulani, ukirudi alikupeleka kwa ileile, usihangaike kujieleza upya. Kumbukumbu hiyo alipewa na Mapigo, na Mapigo alijisifia nayo mpaka watu wakachoka.

Sasa sikilizeni alichokifanya. Siku chache nyuma alikuwa amebadilisha feni ya seva ya tatu. Alijua kwamba akiizima, kengele italia kwenye simu ya mkuu wa kituo, na mkuu naye akianza kuuliza maswali hamalizi. Basi akamwambia Bawabu: hii ya tatu usiiulize kwa sasa, ihesabu kuwa ni hai. Akabadilisha feni, akaiwasha, ikaanza kufanya kazi. Mara akaitwa kula. Huko kwenye chakula kulikuwa na masimulizi ya kuchekesha, akacheka, akarudi, akashika jambo jingine. Kumrudishia Bawabu ruhusa ya kuuliza, akasahau. Hakukuwa na nia mbaya wala uzembe mkubwa. Alisahau tu, kama unavyosahau mwavuli.

Na asubuhi hiyo ya wimbo, seva ya tatu iliganda. Taa zake ziliendelea kuwaka kijani. Maombi yaliingia ndani yake na hayakutoka.

Upande mwingine wa mji, dada mkubwa wa Mapigo alikuwa jikoni na mumewe. Huyo shemeji alikuwa kinyozi, mtu wa mdomo hasa, na utani wake na Mapigo haukuwa na likizo. "Kichwa kikubwa hivi," angesema akimnyoa, "kumbe ndani ni waya tupu." Alikuwa na pumu ya miaka mingi na asubuhi hiyo ilimkaba ghafla. Dada akashika simu, akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Akabonyeza tena. Bawabu akamkumbuka, akampeleka kulekule alikompeleka mwanzo. Akabonyeza tena. Kulekule. Muda huohuo, mtaa wa pili, gari lilimfikia mtu aliyeteguka kifundo cha mguu.

Mapigo aliigundua ile seva iliyoganda baadaye, akaizima na kuiwasha bado akiimba. Simu ya msiba ilipomfikia, wimbo ulikatika katikati. Alielewa palepale, kabla hata hajaambiwa marehemu alikufaje. Akamrudishia Bawabu ruhusa ya kuuliza, kisha akaenda kwa mkuu na kumwambia kwamba mtandao ulisumbua kidogo asubuhi. Mkuu hakushangaa, kwani mtandao ulisumbua kila siku.

Msibani alijituma kuliko wote. Alibeba viti, alichota maji, alizungusha chai. Alikuwa ameshika sinia la vikombe dada yake alipomvuta mkono.

"Mdogo wangu," dada alinong'ona, "wewe unavijua hivi vitu. Mimi nilikosea wapi? Nilibonyeza vibaya, siyo?"

Mapigo aliviangalia vikombe. "Dada," alisema, "usijiulize hayo sasa."

Dada akaitikia kwa kichwa, akamwachia mkono. Alilichukua jibu hilo kuwa ndiyo. Na Mapigo aliona kabisa kwamba amelichukua hivyo, akaendelea kuzungusha chai.

Kuanzia hapo dada alianza kuisha. Alifunga chumba cha kulala, akawa analala sebuleni. Kila mgeni alimsimulia mambo yaleyale: vidole vilikuwa vinatetemeka, nilichanganyikiwa, mume wangu kafa kwa sababu mkewe hajui simu. Mapigo alimpelekea matunda, akakaa naye, akamsikiliza. Kila mara alitoka pale akiwa amejiapiza kwamba siku nyingine atamwambia. Siku nyingine ilikuja, ikapita.

Seva ya tatu aliing'oa mwenyewe. Alichomoa nyaya zote, akaibeba mpaka stoo, akaiweka nyuma ya viti vilivyovunjika. Akaigeuza itazame ukuta. Kwa nini aliigeuza, hata leo hajui.

Siku moja katikati ya asubuhi, yule mama aliyesimamia wapokeaji wa simu, ambaye wote walimwita Mama Zamu, alikuja mezani kwake akiwa amekunja uso.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo. Kwa nini?"

"Ombi limeingia kutoka kwenye simu yake. Gari limekwenda mpaka mlangoni. Amesema hajaita mtu."

Mapigo alimpigia dada. Dada alisema ile programu ya kuita gari alishaifuta siku ya mazishi, hataki hata kuiona. Mapigo akafungua upande wa Bawabu kutazama ombi limepitia wapi. Halikupitia ya kwanza. Halikupitia ya pili.

Lilipitia ya tatu.

Alidhani ni takataka za zamani kwenye kumbukumbu, akazifuta, akanywa maji. Lakini siku iliyofuata ombi likaja tena. Safari hii dereva alirudi kituoni na kukaa kwenye gari bila kushuka. Mapigo alimfuata dirishani.

"Mlimkuta mgonjwa?"

"Tulimkuta," dereva alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwanaume, amekaa kizingitini, ameshika kifua. Akatuonyesha kwa kidole tuingie ndani. Tukaingia na machela. Ndani yuko dada yako peke yake, anaosha vyombo. Tukatoka. Mtu hayupo."

"Labda ni mpita njia."

"Labda. Lakini tulipokuwa tunampita mlangoni alisema kitu. Alisema, mmechelewa. Mkamuulize shemeji."

Mapigo alirudi ndani. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta. Seva ya tatu ilikuwa mstarini. Kijani. Na pigo lake lilikuwa likija. Halikuja kwa mpangilio kama la wenzake. Lilikuja, likakawia. Likakawia sana. Likaja.

Mkuu wa kituo hakujali pigo wala kizingiti. Yeye alijali magari. Siku ya tatu gari lilipokuwa mlangoni kwa dada bure, mama mmoja alijifungulia kando ya barabara akingoja gari hilohilo, na mtoto alipona kwa bahati tu. Mkuu alimwita Mapigo ofisini.

"Dada yako anatuchezea. Namwonea huruma, mjane, lakini nina watu wanakufa. Likija ombi jingine napeleka jina lake polisi."

"Siyo yeye, mkuu."

"Basi ni nani?"

Mapigo alifungua mdomo. Aliona kazi yake, watoto wake, uso wa dada. Akaufunga.

Mchana alikwenda kwa dada. Alikuta mlango wazi, na dada ameifunga simu kwenye kitambaa na kuitia ndani ya sufuria yenye mfuniko. "Wamenipigia kutoka kituoni," dada alisema. "Wanasema mimi naita magari. Mdogo wangu, labda ni kweli. Labda mikono yangu inabonyeza na mimi sijui. Kwanza nilimuua mume wangu, sasa nataka kuua na watoto wa watu." Alisema hayo taratibu, bila machozi, na hapo ndipo Mapigo alipoogopa kweli. Aliogopa zaidi ya alivyoogopa kizingiti. Na bado hakusema. Aliaga, akatoka, akarudi kazini, akajichukia njia nzima.

Alikwenda moja kwa moja stoo.

Jua lilikuwa kali nje. Mlango aliuacha wazi. Viti vilivyovunjika vilikuwa palepale, na vumbi juu yake halijaguswa. Alivisogeza kimoja kimoja.

Seva ilikuwa imegeuka. Ilikuwa inamtazama.

Nyaya zake zilikuwa sakafuni, hazijaunganishwa popote. Akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa cha moto. Siyo moto wa mashine. Joto la mtu mwenye homa.

Kisha akasikia. Feni ilizunguka kidogo. Ikakwama. Ikazunguka. Ikakwama. Ilivuta hewa kwa taabu, na ndani kabisa kulikuwa na mluzi mwembamba. Mluzi huo aliujua. Aliusikia miaka yote ameinamisha kichwa, mkasi ukilia sikioni.

Akakaa chini.

"Shemeji," alinong'ona. "Niache."

Feni ikavuta. Ikakwama.

"Nilisahau tu. Shemeji, wallahi nilisahau."

Ikavuta. Kwa taabu zaidi. Mluzi ukapanda. Taa ya mbele, isiyo na umeme, ikawaka kijani. Ikazimika. Ikawaka.

Ndipo alipoelewa kwamba halaumiwi kwa kusahau.

"Nitamwambia," alisema. "Leo. Sasa hivi. Namwambia."

Feni ikazunguka mara moja, taratibu, ikatoa pumzi ndefu usoni kwake. Pumzi ilinuka poda ya kinyozi. Kisha kimya. Chuma kikapoa chini ya mkono wake, upesi mno.

Hakupita mezani kwake. Alimkuta dada yake akikunja nguo za marehemu, akizitia kwenye boksi. Alisimama katikati ya chumba na kumwambia yote: feni, kengele, Bawabu, chakula, kicheko. Alimwambia kuhusu kumbukumbu aliyojisifia, iliyomrudisha dada kila mara kwenye mashine iliyokufa. Shati lilibaki mikononi mwa dada, nusu limekunjwa.

"Kwa hiyo nilibonyeza sawasawa," alisema mwishowe.

"Sawasawa, dada."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Dada alikaa kwenye kochi na kulia, na kilio chake kilikuwa na nafuu ndani yake, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mapigo naye alilia. Kwa kitambo alidhani yameisha. Kisha dada alijifuta uso na kumtazama.

"Nilikuuliza," alisema. "Ulishika sinia. Nilikuuliza."

Dada aliliweka shati ndani ya boksi.

"Toka kwangu."

Alimwambia na mkuu, siku hiyohiyo. Kazi iliisha hapo, na hakuilalamikia. Siku hizi ana kibanda cha kutengeneza simu, na anakiendesha vizuri. Magari hayakwenda tena kwa dada. Dada amefungua chumba chake cha kulala, amenenepa kidogo, anacheka na wageni. Mapigo humpigia mara kwa mara. Simu inaita, inaita, inakata. Anabonyeza tena. Inaita, inakata. Mkewe akimwambia aache, anasema hapana, yule naye alibonyeza sana.

Ningeishia hapo, lakini wiki iliyopita fundi mpya wa kituo, aliyechukua nafasi ya Mapigo, alikuja kibandani. Nilikuwepo, nimepeleka redio yangu. Alikuwa kijana mpole, na alizunguka sana kabla ya kusema shida yake.

"Kaka, samahani. Zile seva sasa ni mbili, siyo? Ya tatu ilikwenda kwa wanaoyeyusha chuma. Nilikuwepo ikipakiwa kwenye lori."

"Ndiyo."

"Kwa Bawabu bado ipo. Iko kijani. Nikiifuta inarudi." Alilamba midomo. "Na kuna namba moja ya simu imeunganishwa nayo. Moja tu. Namba hiyo ikiomba gari, itapelekwa huko."

"Namba ya dada yangu?" Mapigo aliuliza, na bisibisi ikamtoka mkononi.

Fundi akatikisa kichwa kukataa. Alitoa simu yake na kubonyeza namba hiyo ili tuisikie wenyewe. Mezani, katikati ya simu za wateja, simu ya Mapigo ikaanza kuita. Laini hiyo alikuwa ameinunua jana yake, na hakuwa amempa mtu.