Kiganja cha Hirut na Duru Tatu za Kahawa

Kila siku kabla ya zamu ya mchana shuleni, Hirut alimsaidia bibi yake, Yeshimebet, kuandaa kahawa. Leo miguu yake haikutulia. Alitandaza nyasi sakafuni ovyo ovyo, akaunguza bisi, akachungulia jua dirishani.

"Una siafu mguuni?" Bibi akauliza.

"Mwalimu Worku anachagua wa kuwakaribisha wageni wa shule kwa Kiingereza, Bibi. Tunasimulia mambo mawili ya nyumbani, tuoneshe lipi lilikuwa limekwisha kabla ya jingine kuanza. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa!"

Hakusema kwamba sentensi alizotungiwa na kaka yake zilikuwa zimejaa kiganjani mwake kwa wino.

Duru ya kwanza kati ya tatu za kahawa ilipokwisha, akasimama. "Naenda!"

"Kabla ya ile ya tatu, ya baraka? Majirani waseme nimekulea porini? Osha vikombe!"

Akaviosha mbiombio. Alipotoa mikono majini, wino wote ulikuwa umefutika. Hirut akaangua kilio, akaeleza yote.

Bibi hakugomba. Alitia maji mengine kwenye birika la udongo, juu ya kahawa ile ile. "Kitendawili!"

"Bibi, si sasa!"

"Kitendawili!"

"Tega," Hirut akajibu, akivuta kamasi.

"Ndugu watatu, mama yao mmoja. Wa pili hatoki mpaka wa kwanza awe amekwenda."

Hirut akalitazama birika. "Duru za kahawa! Yaani... jana ya pili ilipomiminwa, ya kwanza tulikuwa tumeshainywa." Akairudia kwa Kiingereza, polepole. "Bibi, ndiyo hiyo!"

"Kiingereza chenu sikijui. Kaa unywe."

Darasani, Dagim, jirani yake wa dawati, alimnong'oneza, "Leo husomi mkononi?"

Hirut alisimama. Akasema kwa Kiingereza, "Nilipomaliza kuosha vikombe, wino ulikuwa umefutika."

"Wino gani?" Mwalimu Worku akauliza.

Angeweza kudanganya. Akaonesha kiganja chake kitupu. "Wa sentensi za kaka, mwalimu. Nilitaka kuzisoma kama zangu. Hii ya sasa ni yangu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Ni sahihi, tena ni ya kweli. Wageni utawakaribisha wewe. Nanyi mnaocheka, fungueni viganja nivione!"

Kicheko kikakatika. Dagim alificha mkono mfukoni.

"Mkaoshe," Mwalimu akasema kwa upole. "Kisha mrudi tujifunze. Mkielewa wenyewe, hamtaogopa maji."