Aliyemshikia Fundi Kiti

Fundi friji aliporudi mezani, alikuta chipu zake zimeongezeka.

Hilo tu. Hakuna mlango uliojifungua, hakuna taa iliyozimika, wala mbwa hakubweka. Alikuwa ametoka kidogo kumsaidia mteja kupakia friji kwenye mkokoteni, na simu ameiacha juu ya meza ya kazi, katikati ya mashindano ya poka. Kila anayecheza poka ya mtandaoni anajua kwamba ukiondoka, mchezo wenyewe unakutupia karata zako kila zamu ikikufikia, na chipu zako, yaani zile pesa za mchezo, zinayeyuka kidogo kidogo. Zinaweza kuchelewa kwisha, lakini kupanda, hapana. Zake zilikuwa zimepanda mara mbili.

Akarudi nyuma kuangalia jinsi mchezo ulivyokwenda. Kuna mtu alikuwa ametupa karata mbovu, akatupa tena, akatupa tena, akangoja mpaka zikaja ree mbili, karata kubwa kuliko zote, ndipo akasukuma chipu zote. Vilevile ambavyo yeye mwenyewe angefanya.

"Kibonge!" akaita. "Umechezea simu yangu?"

Binti yake, mtoto wa miaka saba, mwenye mashavu yaliyompatia jina hilo, akachungulia kutoka uani. "Mimi? Mimi namfulia mwanasesere nguo zake."

Kweli, povu lilikuwa limemfika viwikoni. Fundi akaguna, akaendelea kucheza. Mtu akipewa chipu za bure haulizi sana. Wewe ungeuliza? Haya basi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mlango mmoja ulitokea barabarani. Mwingine, wenye pazia, ulitokea sebuleni. Na kazi ya friji, kama hujui, ni kazi ya kungoja. Unatoa hewa kwenye mabomba, unangoja. Unajaza gesi, unangoja uone kama barafu itashika. Katika kungoja huko ndiko alikookota poka: mashindano madogo ambayo kiingilio chake hakifiki bei ya soda, wanaingia watu mamia, yanachukua nusu siku, na wanaopata kitu ni wale wachache wa mwisho. Wengi huingia kwa pupa na kutoka kwa aibu. Fundi aliwaacha wamalizane. Karata mbovu, anatupa. Karata za hivi hivi, anatupa. "Kazi ya kwanza ni kutotolewa," aliwaambia wateja wake, ambao hawakujua anaongea habari gani.

Lakini tusidanganyane, hakuanza kucheza kwa sababu ya friji. Alianza wiki ile walipomzika mdogo wake Kibonge, mtoto wa miezi saba waliyemwita Kijino kwa ajili ya lile jino lake moja. Mkewe alilia mpaka sauti ikamkauka. Yeye hakutoa chozi. Aliingia karakana, akawasha simu, na ganzi ikampanda taratibu kutoka vidoleni, akaona nafuu. Tangu hapo akawa anashinda humo. Mkewe aliandaa, akaita, "Baba Kibonge, chakula," na yeye akajibu, "Nakuja, namalizia hapa." Hakumalizia. Baadaye mkewe alimletea sahani, akaiweka juu ya friji, akaondoka.

Kesho yake, baada ya zile chipu kuongezeka, aliacha kiti makusudi, akaenda kuoga. Alikuwa amejipaka sabuni usoni aliposikia kitu kutoka karakana: ko, ko. Kidole juu ya mbao. Kimya kirefu. Ko, ko. Hivyo ndivyo wachezaji wa mezani wanavyogonga wanapopisha zamu.

Akatoka mbio na taulo kiunoni. Hapakuwa na mtu. Kiti chake cha plastiki kilikuwa baridi, baridi yenye unyevu, na hewani palikuwa na harufu anayoijua kuliko manukato ya mkewe: harufu ya friji iliyozimwa na kufungwa miezi, na ndani yake kimesahauliwa kitu. Akazitazama friji zote. Milango yote ilikuwa wazi, na zote alikuwa amezisafisha kwa mkono wake. Kwenye simu, chipu zilikuwa zimepanda tena.

Mwenye akili timamu angefunga karakana akahama mji. Fundi alisimama pale, maji yakimchuruzika, akajisikiliza kama anaogopa, akaona haogopi. Hakuhisi chochote. Ndipo akajimaliza kwa mdomo wake mwenyewe. Akakiambia kile kiti kitupu, kwa utani, "Bwana wee, unacheza vizuri kunishinda. Kaa tu. Mahali popote ambapo sipo, nikalie."

Friji ya pembeni, ambayo waya wake ulikuwa umeviringishwa juu yake, ikanguruma mara moja, ikanyamaza.

Siku chache zikapita. Alasiri moja mkewe akaingia karakana kuchukua sahani, akiwa na uso ambao Fundi hakuwa ameuona tangu msiba. Alikuwa anatabasamu.

"Asante," akasema.

"Ya nini?"

"Kwa kukaa na sisi leo. Mtoto amefurahi mpaka basi." Akaitazama sahani juu ya friji, imejaa, imepoa. "Kumbe na hii uliiacha? Si ndiyo maana ulikula vile, kama umetoka jela."

Alicheka, akatoka. Fundi akabaki ameshika simu. Hakuwa amevuka lile pazia tangu asubuhi.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mvua. Kibonge akaja kuchukua mwavuli uliokuwa nyuma ya mlango wa barabarani, akamwona baba yake kitini, akasimama ghafla.

"Baba," akanong'ona, "umepitia wapi?"

"Kwenda wapi?"

"Huku." Macho yake yalikuwa yakienda kwake na kurudi kwenye pazia. "Si uko ndani? Si unanichambulia samaki?"

"Nani anakuchambulia?"

"Wewe."

Fundi akaweka kidole mdomoni, akanyanyuka. Akasogea mpaka kwenye pazia, akaligusa kwa ncha ya kidole, akaona meza, akaona mkewe amekaa upande wake wa siku zote, akaona kiti cha Kibonge kimesukumwa nyuma, na katika kiti cha tatu, kile chenye mguu aliouunga yeye mwenyewe kwa waya, akaona mgongo wake, shati lake la kazi, upara wake unaoanzia kisogoni, na mkono wake wenye kovu la gesi ukichambua miba taratibu, mmoja mmoja, ukiipanga ukingoni mwa sahani, bila haraka yoyote, kama mtu ambaye amengoja kukaa hapo kwa miaka na sasa hana sababu ya kuharakisha, na kabla Fundi hajapumua ule mkono ukasimama, kidole kikanyooka, kikagonga meza: ko, ko.

Mwili ulimsisimka, hilo lilikuwa kweli. Lakini ni ngozi tu iliyoogopa. Ndani kulikuwa kimya. Angeweza kulivuta lile pazia. Angeweza kupiga kelele. Akajiuliza: ana nini mkononi? Mke wake amekaa na yule, anacheka na yule. Akiingia sasa, ataonekana nani? Hali mbaya, akaamua. Usiingie na karata mbovu. Ngoja ijayo.

"Nenda kale," akamwambia mtoto. "Usimwambie mama."

"Baba, naogopa."

"Nenda."

Akarudi kitini. Walikuwa wamebaki wachezaji kumi na wanne tu kwenye mashindano.

Yule wa sebuleni naye hakuwa na papara. Siku za mwanzo alikuja mezani tu, akala, akatoweka. Kisha akaanza kukaa baada ya kula. Kisha Fundi akaanza kusikia, nyuma ya pazia, sauti yake mwenyewe ikisimulia vichekesho alivyokuwa akivisimulia wakati wa uchumba, na mkewe akicheka kicheko kile kinachoishia na kikohozi. Usiku alilala karakana juu ya maboksi, maana alipojaribu kitasa cha chumbani alisikia mtu akikoroma kwa ndani, na mkoromo aliutambua. Hakupiga hodi. Alingoja. Vidole vyake vilikuwa vya baridi sasa, na wateja waliompa mkono waliurudisha haraka wakijifuta kwenye nguo.

Sahani hazikuletwa tena karakana. Nani angeleta, na baba wa nyumba yuko mezani?

Iliyobaki ni siku ambayo mkewe angewaona wote wawili, na ilifika. Mama Kibonge alifungua pazia kutafuta bisibisi, akamwona mtu kitini, wa kijivu, mashavu yamebonyea, mwanga wa simu usoni. Nyuma yake, kutoka sebuleni, sauti ya mumewe ikauliza, "Umeipata, mama?"

Alipiga yowe ambalo lilisimamisha watu barabarani.

"Mama Kibonge," Fundi akasema, "ni mimi." Lakini alisema polepole, bila kunyanyuka, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na mkewe akarudi nyuma akiwa ameziba mdomo.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye miwani na mafua, aliyebeba ubani kwenye mfuko wa plastiki. "Nina nyumba nyingine ya kwenda leo," akasema kabla hajakaa, "kwa hiyo tusipotezeane muda." Ilikuwa mchana kweupe. Alifunga madirisha, akawasha ubani kwenye chetezo, akawasimamisha wawili hao bega kwa bega katikati ya sebule, na mke na mtoto akawaweka pembeni, wameshikana.

Aliwazunguka mara kadhaa akivuta kamasi. Akanusa huyu, akanusa yule. Harufu ya friji iliyofungwa ilikuwa imejaa chumba kizima, haikumsaidia.

"Kwa macho siwezi kuwatenganisha," akasema, "na atakayekwambia anaweza anakula hela yako. Lakini jini hana msiba. Mwenye nyumba hii amezika mtoto. Mwenye mtoto aseme."

Ubani ukapanda.

Fundi alikuwa nalo la kusema. Alikuwa na karata ambazo mtu hupewa mara moja: kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote, kwamba asubuhi ya msiba, wakati wanawake wametoka kuchemsha maji, aliushika mguu wa Kijino mkononi, na unyayo bado ulikuwa na unga wa poda, na yeye akaupangusa, akaupangusa, kana kwamba mtoto angeudhika akilala na unga mguuni. Lilikuwa pale, kwenye ulimi. Akamtazama mkewe ili aseme, akaona mkewe anamtazama yule mwingine. Akamtazama mganga, akaona chetezo kimeelekezwa kwake yeye. Akamtazama Kibonge, akaona mtoto amejificha uso kwa khanga ya mama yake. Niko vibaya, akajiambia, nikisukuma zote sasa zikakataa nimekwisha, sina pa kurudi, ngoja kidogo, ngoja wapungue, ngoja zamu ijayo, na ganzi ikampanda kutoka vidoleni mpaka shingoni, ikamshika taya kwa upole.

Yule mwingine, ambaye wiki zote hizi alikuwa ametupa, akatupa, akangoja, akapiga magoti, akakalia na nafasi hiyo pia.

"Mguu wake," akasema, na sauti ikamvunjika. "Nyinyi mlikwenda kuchemsha maji. Mimi niliushika mguu wake. Ulikuwa na poda, mama. Nikaupangusa. Sikukwambia. Sikuweza kukwambia."

Akalia. Alilia kama mwanamume anayelia kwa mara ya kwanza, vibaya, na makamasi, na mabega yakimruka. Mama Kibonge akamwachia mtoto, akaenda akaanguka naye sakafuni, akamkumbatia kichwa kifuani. Kilio hicho alikuwa amekingoja tangu siku ya maziko. Hata mganga alivua miwani.

Kisha akaivaa, akamgeukia Fundi. "Na wewe?"

Fundi akafungua mdomo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mimi," akasema, "nangoja."

"Basi kangojee nje," mganga akasema. "Toka. Nyumba hii ina mwenyewe."

Miguu ikamgeuza. Hakuiamuru. Ikampitisha kwenye pazia, katikati ya friji zake, mbele ya meza ambapo simu ilikuwa ikiwaka na karata zikitupwa zenyewe, ikamtoa mpaka barabarani, na mlango ukafungwa nyuma yake. Jua lilikuwa kali. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alipita karibu kabisa, akasugua mkono wake kama aliyepigwa na ubaridi, akaendelea na safari.

Ndipo ganzi ikaanza kumtoka.

Ilimtoka kama inavyotoka kwenye mguu uliokaliwa, kwa miiba, kutoka vidoleni kwenda juu, na ilipofika kifuani akamwona Kijino, akaliona lile jino, akaisikia ile poda kwenye kidole gumba chake, na uchungu wote wa miezi yote ukamwangukia kwa pamoja pale mlangoni. Alipiga ukelele. Akaurukia mlango kwa ngumi mbili. Alilia kwa nguvu zake zote, akamwita mkewe, akamwita binti yake, akasema ule mguu, niliyeushika ni mimi, Mama Kibonge, mimi, nifungulie nikwambie yote, nifungulie hata dakika moja.

Ndani, hatua za mtoto zikakimbilia mlango, zikasimama.

"Mama," Kibonge akasema. "Baba analia nje."

"Rudi hapa." Sauti ya mkewe ilikuwa imara. "Baba yako huyu hapa, nimemshika. Mganga ametuambia litagonga, na litalia kwa sauti yake, na litamtaja mtoto. Likilia namna gani, hatufungui."